Mtego uulize panya yuko wapi, usiulize ana uzito gani

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, na karakana ya fundi cherehani haimnyimi panya kitu. Kuna vipande vya vitambaa vya kutandikia kiota, kuna droo zinazokaa muda mrefu bila kufunguliwa, kuna mashine za kanyagio zenye mikanda ya ngozi. Ule mkanda huanza kugugunwa karibu na kiungo cha waya, pale ngozi ilipolainika kwa mafuta. Mteja akija kuchukua mashine yake anakanyaga, gurudumu la chini linazunguka vizuri kabisa, na sindano haishtuki.

Nina mitego ya ubao na springi, ya aina ile ambayo William Hooker wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1894 na ambayo mpaka leo haijabadilika sana. Siidharau. Inaua haraka, inatengenezeka, na ukiitega vizuri haikosi. Tatizo ni kwamba kila mmoja una nafasi moja tu kwa usiku. Ukifyatuka saa mbili, mpaka asubuhi unabaki ubao wenye mzoga juu yake, na wengine wanapita kando wakiendelea na shughuli zao. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu, huzaa watoto watano au sita na mara nyingine zaidi, na watoto hao wakifikisha wiki sita hivi nao wako tayari kuzaa. Kwa mwendo huo, kutoa mmoja mmoja ni kuchota kwa kijiko maji ya mashua iliyotoboka.

Ndiyo maana nimekuwa nikichonga, kukunja waya na kupima mtego unaojitega wenyewe. Anayesoma habari za mitego hii atadhani kazi ngumu ni hiyo ya kujitega. Siyo. Kujitega ni rahisi. Kazi ngumu ni kuamua mtego ufyatuke lini.

Tuanze na nguvu. Mtego wa springi ukifyatuka unatumia nguvu uliyoiweka wewe kwa kidole gumba ulipoukaza. Ili ujitege tena, lazima kuwe na kitu kingine cha kufanya kazi ya kidole gumba. Njia ni chache: springi ndefu ya kuzungushwa ambayo inalegea kidogo kila panya anapoingia, gesi iliyoshindiliwa, umeme, au uzito wa panya mwenyewe. Hii ya mwisho ndiyo inayonivutia kwa sababu haiishi. Ila ina kikomo chake. Panya wa gramu 20 akianguka sentimita 30 anatoa takriban jouli 0.06 (jouli ni kipimo cha nishati). Panya mkubwa, yule wa mifereji ambaye ni jamii nyingine na si huyu wa nyumbani aliyekua, akiwa na gramu 250 anatoa kama 0.7. Ya kwanza haitoshi hata kidogo kukaza springi ya kuvunja shingo, na ya pili nisingeitegemea. Kwa hiyo mtego unaoendeshwa na uzito wa panya utamwangusha mahali. Kumuua ni jambo jingine, na nitalifikia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Colin Pullinger wa Selsey, Uingereza, aliuza mtego wa bembea wenye hataza ya mwaka 1861, akauita wa milele. Mmoja wapo ulikuwa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini la Chuo Kikuu cha Reading, na mwaka 2016 wafanyakazi walikuta panya amekufa ndani yake, miaka 155 baada ya hataza. Hakuna aliyeweka chambo. Ghala zima lilikuwa na majani makavu, mbao na vitambaa, naye akaenda kuingia humo. Sijui matangazo mengi ya biashara yaliyotimizwa namna hiyo.

Sasa niseme nilichokiona. Niliweka kamera ndogo ya usiku juu ya ubao wa bembea wa kawaida, ule unaoinama ukipata uzito. Panya mkubwa haingii. Anafika ukingoni, miguu ya nyuma inabaki kwenye fremu ambayo haitikisiki, kisha anajinyoosha mpaka unashangaa mwili wote ule alikuwa ameuficha wapi. Sharubu zinapapasa ubao mbele yake. Anaweka mguu mmoja wa mbele, anasukuma chini kidogo, anautoa. Anaweka tena, safari hii kwa kando. Ubao ukicheza hata milimita mbili, amekwisha jua anachotaka kujua. Anajikunja kurudi nyuma bila haraka, anafuata ukuta, anaondoka. Nyuma yake akaja panya mdogo, yeye hana maswali kabisa. Alitembea juu ya ubao mpaka mwisho, akala, akajipangusa uso kwa mikono miwili, akarudi alikotoka. Ubao haukumsikia.

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Hesabu yake naifanya kwa gramu mara sentimita, maana haihitaji zaidi ya mizani na rula. Panya wa gramu 20 akisimama sentimita 20 mbele ya egemeo, yaani ule mhimili ambao ubao unabembea juu yake, ni 400. Panya wa gramu 300 anafikisha 400 hiyo hiyo uzito wake ukivuka egemeo kwa sentimita moja na theluthi tu. Maana yake, ubao uliopimwa kwa ajili ya mdogo unaanza kumwinamia mkubwa wakati nusu ya mwili wake iko nje na kucha za nyuma zimeshika fremu. Na mkubwa si mzito tu, ni mrefu pia: panya wa mifereji ana sentimita 20 hadi 25 za kichwa na kiwiliwili, mkia haumo. Yaani yule anayehitaji ubao usubiri zaidi ndiye anayeuinamisha mapema zaidi.

Wengi hutibu hili kwa sumaku. Unaweka sumaku ndogo chini ya sehemu ya nyuma ya ubao, inanasa kwenye kipande cha chuma. Ni dawa nzuri kwa nusu ya ugonjwa. Nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kadiri inavyoachana na chuma, kwa hiyo ubao unakaa imara kabisa, halafu ukiachia unaachia wote kwa mara moja. Ule mchezo wa milimita mbili unakwisha. Lakini bado umeuliza uzito. Tuseme unaipima sumaku ili panya wa gramu 300 aanguke akiwa amefika sentimita 15 ndani. Hiyo ni 4,500. Panya wa gramu 20, ili aangushwe na ubao huo huo, itabidi atembee mpaka sentimita 225 kutoka kwenye egemeo. Ubao wa mita mbili na robo, kwa ajili ya mnyama anayekaa kwenye kiganja.

Wengine wanajibu: basi jenga miwili. Sawa, lakini hata miwili haikutoi kwenye shida, kwa sababu mtoto wa panya mkubwa anapita kwenye uzito wote kuanzia ule wa panya mdogo kwenda juu. Uzito ni swali baya. Nilichohitaji kukijua kuhusu huyu mnyama ni kama ameingia wote au la, na hilo halina gramu ndani yake. Ni suala la pua yake iko wapi.

Kwa hiyo kwenye mtego wangu ubao haushikwi na sumaku wala na uzito. Unashikwa na komeo mwishoni kabisa, sentimita 30 mbele ya egemeo. Komeo lenyewe ni ndoano ya waya inayoning'inia kwenye fremu na kuushika ubao kwa chini. Juu yake, kwenye waya ule ule, kuna pazia la nyaya tatu, na nyuma ya pazia ndipo kilipo chambo. Panya anatembea juu ya kitu kisichotikisika kuliko sakafu. Anafika mwisho, anasukuma pazia kwa pua ili apate harufu zaidi, waya unazunguka, ndoano inatoka, ubao unaondoka chini yake. Wakati huo pua iko kwenye sentimita 30, na hata kama ana urefu wa sentimita 25, miguu ya nyuma imeshavuka egemeo. Hana pa kushika.

Uso wa chini wa ndoano nimeuchonga mshazari, kama ulimi wa kitasa cha mlango wa kubamiza. Ubao unaporudi juu unausukuma pembeni, unapita, nao unashuka wenyewe mahali pake. Hakuna springi. Mafundi cherehani tunajua springi ndogo inavyochoka, hasa penye unyevu.

Kilichonifurahisha zaidi sikukipanga. Nilihofu kwamba uzito wa panya mkubwa ungeibana ndoano mpaka isitoke. Kweli unaibana: gramu 300 zikiwa sentimita 20 mbele ya egemeo ni 6,000, ukigawa kwa 30 unapata gramu 200 zinazokaa juu ya ndoano, na msuguano wa waya kwa ubao unadai labda gramu 60 za kusukuma. Panya mkubwa anasukuma hizo bila kujua kama amesukuma kitu. Mdogo wa gramu 20 yeye anaibebesha ndoano kama gramu 17, na anadaiwa gramu 5 tu. Kila mmoja anatozwa kwa kadiri ya ubavu wake.

Baada ya ndoano kutoka, kazi ya kurudi ni ya nati nilizofunga kwenye sehemu ya nyuma ya ubao, ile fupi ya sentimita 8 iliyo upande wa mlangoni. Sehemu hiyo ina kazi ya pili: mbele ikishuka, nyuma inapanda na kuwa ukuta unaoziba mlango. Nati zinapaswa kwanza kuufuta uzito wa ubao wenyewe. Ubao wa milimita 3 wenye upana wa sentimita 9 una kama gramu 50 mbele ya egemeo, na kwa kuwa kitovu chake kiko sentimita 15, hizo ni 750 kabla hujaanza. Nimeongeza 100 za kurudisha. Jumla 850, nati zikiwa sentimita 7 nyuma ya egemeo, unapata karibu gramu 120 za chuma. Hizo 100 za ziada ndizo mtoto wa panya anapaswa kuzishinda, na wa gramu 8 aliyefika mwisho ana kama 200. Anazishinda.

Mahali pa kuzifunga nati ndipo wengi hawaangalii. Ubao ukiinama nyuzi 60, nguvu ya kurudi inabaki nusu, kutoka 100 hadi 50, na ukiuacha ufike wima inakwisha kabisa. Lazima uweke kizuizi usifike huko. Lakini ukizining'iniza nati sentimita moja chini ya usawa wa egemeo, jambo zuri linatokea: ubao ukiwa umelala, ile sentimita haina athari yoyote, ukiinama nyuzi 60, inaongeza kama 100 upande wa kurudi. Ukizifunga sentimita moja juu, inapunguza kiasi hicho hicho, na ubao utabaki umeinama mpaka uje na kidole. Nati zile zile, bolti ile ile, tofauti ni upande wa juu au wa chini.

Egemeo ni spoku ya baiskeli ndani ya kijibomba cha shaba. Unene una maana hapa. Mzigo wote juu ya egemeo ni karibu gramu 190, na kwenye spoku ya milimita 2 msuguano unakula kama 6 katika zile 100. Msumari wa milimita 6 unakula kama 17, na hiyo ni kabla haujashika kutu. Mafuta ya cherehani, tone moja kila upande. Siyo zaidi, vumbi la vitambaa likikutana na mafuta mengi linakuwa uji.

Na chambo kisikae juu ya ubao, kamwe. Si kwa sababu ya panya, ni kwa sababu ya hesabu. Gramu 4 za makombo, kinyesi na mkojo ulioganda, zikiwa sentimita 25 mbele ya egemeo, ni 100. Zimefuta kila kilichokuwa kinaurudisha. Mtego unaojitega vizuri mwanzoni kisha unagoma baadaye, mara nyingi hauna ubovu, ni mchafu tu. Changu kinakaa kwenye kikombe kilichofungwa kwenye fremu, siagi ya karanga iliyochanganywa na nyuzi za pamba ili wasiinyofoe yote kwa mara moja.

Kuhusu sanduku la chini nitasema machache. Panya mkubwa anaruka juu zaidi ya nusu mita, kwa hiyo ndoo pekee si gereza. Hapa komeo linasaidia tena: ubao ukisharudi umefungwa, na akiugonga kutoka chini haufunguki, kwa sababu njia yake ni ya kushuka tu na fremu inauzuia usipande. Wavu wa hewa uwe na matundu yasiyofika milimita 6, maana panya mdogo anapita penye upana wa penseli. Kingo zote za mbao zivishwe bati. Panya hawagugunii katikati ya ubao ulio laini, wanatafuta kona au ukingo wa kuanzia jino.

Halafu tuwe wakweli kuhusu wanaoanguka humo. Naona watu wanajaza maji kwenye ndoo, wanaona kazi imekwisha. Panya ni muogeleaji hodari. Anahangaika muda mrefu kabla ya kuzama, na mimi siyo mtu wa kumlilia panya lakini hilo silifanyi. Sanduku kavu nalo lina masharti yake. Lazima lifunguliwe kila asubuhi bila kukosa, liwe na vitambaa ndani, kwa sababu panya mdogo asiyekula hafiki mbali. Wakubwa wakirundikana wanaumana na kulana. Kwa wadogo mtego wangu naukubali. Kwa wakubwa naukubali pale tu penye mtu wa kuufungua mapema na kuwamaliza kwa pigo moja, na asiyeweza kufanya hivyo asiujenge.

Asiyeweza atafute wa gesi. Goodnature, kampuni ya New Zealand, inatengeneza mtego unaoitwa A24: kichupa cha gramu 16 za gesi ya kaboni dioksaidi kinapiga mara 24. Panya anainua kichwa ndani ya shimo lililo juu yake akifuata harufu, anagusa waya, nyundo inampiga kichwani, anaanguka chini, na gesi inairudisha nyundo mahali pake. Nilipoangalia namna unavyofanya kazi nilicheka peke yangu karakanani. Nao hauulizi uzito! Unauliza kichwa kiko wapi, na shimo limewekwa kiasi kwamba kichwa kikifika kwenye waya hakiwezi kuwa mahali pengine ila chini ya nyundo. New Zealand wana sababu ya kulifikiria jambo hili kwa makini, maana mwaka 2016 serikali yao ilitangaza lengo la kuwamaliza panya wakubwa, vicheche na posamu nchi nzima ifikapo 2050, na huwezi kutuma mtu kila asubuhi kwenda kukaza springi katikati ya msitu.

Vifaa vya umeme navyo vinaweza kuuliza swali hilo hilo. Miale miwili ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, mmoja mwisho na mmoja mlangoni: wa mwisho ukikatika na wa mlangoni uko wazi, basi mnyama yumo wote. Ni safi kuliko pazia langu la waya. Mimi sitaki kitu cha kubadilishia betri, ndiyo sababu pekee.

Kuna jambo moja ambalo hakuna ufundi unaolitatua. Panya wakubwa wanaogopa kitu kipya. Wadogo hukisogelea siku ile ile kukichunguza, lakini mkubwa anaweza kulizunguka sanduku jipya kwa siku kadhaa, na akitishwa mara moja akaokoka, hutampata hapo tena kwa urahisi. Kwa hiyo ndoano naipitishia pini isitoke, naweka chambo nje ya pazia, kisha nauacha mtego uwe daraja la kwenda kula tu. Mlango unatazamana na njia yao kando ya ukuta, si katikati ya chumba. Chambo kikianza kuisha kila usiku ndipo nakisogeza nyuma ya pazia, na baadaye natoa pini. Siuoshi kwa sabuni ya manukato. Harufu ya wenzao kwenye mbao haiwafukuzi. Ila natumia glavu, na kinyesi nakilowesha kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kukigusa, sikifagii kikavu. Homa ya mgunda inatoka kwenye mkojo wao na siitaki.

Mtego wa panya, wahenga walisema, huingia waliomo na wasiokuwemo. Kwa mtego unaojitega msemo huu unatisha zaidi, kwa sababu hausimami baada ya kukosea mara moja. Mjusi, ndege, kifaranga, wote wana pua au mdomo wa kusukuma pazia. Kinga yangu ni njia ya kuingilia: handaki la mbao lenye kona mbili, tundu la sentimita 6, giza ndani. Panya anapenda kona na giza. Ndege hapendi. Mjusi bado anaingia, na hiyo ni sababu nyingine ya kufungua sanduku kila asubuhi, na ya kutoweka maji.

Kinachonisumbua kwa sasa ni kelele. Ubao ukirudi unagonga fremu, tak, na hapo hapo ndoano inabofya. Wadogo hawajali. Mkubwa aliye nyuma kwenye foleni anasikia, na kwenye kamera naona anaganda, masikio mbele, kabla ya kuamua. Nimeweka vipande vya feliti, ile inayonyonya mafuta ndani ya mashine, chini ya kizuizi na chini ya fremu. Kugonga kumekwisha kabisa. Kubofya kumepungua lakini kupo, kwa sababu feliti nene zaidi inaupa ubao nafasi ya kucheza juu ya ndoano, na mchezo ndio kitu cha kwanza anachokitafuta kwa mguu wa mbele. Nimeishia kwenye milimita moja. Nafikiria kujaribu ndoano ya mfupa au ya nailoni badala ya waya.